Gari Kubwa na Ngeli Zake

Gari, kwa mujibu wa sarufi yetu, ni kitu kama vilivyo vitu vingine. Twasema gari limepita na magari yamepita, kama tusemavyo jiwe limeanguka na mawe yameanguka, wala hakuna mwalimu atakayebishana nasi juu ya hilo. Lakini pindi gari linapokuwa kubwa kupita mazoea ya mtaa, likawa na viti vya safu tatu, vioo vya giza na injini ya kunguruma, sarufi hiyo huanza kuyumba. Jina la gari huhamia katika ngeli ya watu. Au jina la mtu huhamishwa likatiwa katika ngeli ya vitu. Au mtu hutoweka kabisa katika sentensi, likabaki gari peke yake likitenda. Kuhamahama huko kuna maana. Ni hukumu ambayo jamii imekwisha kuitoa juu ya magari makubwa na juu ya wale wayaendeshao, nayo imehifadhiwa ndani ya maneno ambayo wanafunzi wetu huyatumia kila siku bila ya kuyapima.

Jambo hili latuhusu sisi walimu wa Uganda kwa namna ya pekee. Tangu Baraza la Mawaziri liliporidhia, mwezi Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, maneno yanayotujia kutoka kwa jirani zetu ni mengi kuliko kamusi zilizo mikononi mwetu. Yanakuja na vicheko vyake, na chuki zake, na hekima yake. Mwalimu anayefundisha maana tu, akaiacha hukumu iliyofichwa ndani ya neno, amefundisha nusu.

Katika makala haya twakusudia kuyapima maneno matatu: Wabenzi, shangingi na droni. Mawili ya kwanza ni ya Kiswahili cha Kenya na Tanzania; la tatu ni la hapa kwetu. Kisha tutalitazama gari kubwa la nne, lile la familia, ambalo halikupewa jina la kusuta. Tutayatazama kama mhakiki aitazamavyo kazi ya fasihi, kwa kuwa jina la utani ni hadithi fupi kuliko zote: lina mhusika, lina maudhui, lina msimamo. Swali letu ni moja tu. Je, hukumu iliyomo ndani ya maneno haya yamfikia yule anayestahili kuhukumiwa?

Kabila lisilo na nchi

Neno Wabenzi lilienea Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1960, baada ya nchi zetu kupata uhuru. Umbo lake ni rahisi, na urahisi huo ndio siri ya nguvu yake. Jina la gari la Kijerumani, Mercedes-Benz, lilikatwa kipande, likapachikwa kiambishi wa-, kama katika Wagogo, Wakamba, Waganda na Wanyoro. Umoja wake ukawa Mbenzi. Kwa silabi hiyo moja watu wa kawaida walitangaza kwamba kabila jipya limezaliwa. Kabila hilo halikuwa na mlima wala mto wa asili, halikuwa na mizimu wala miiko, na alama ya ukoo wake ilikuwa nyota yenye ncha tatu iliyosimama mbele ya gari. Mtu wa kabila lolote aliweza kuingizwa humo, mradi awe na cheo. Viongozi walipohubiri kwamba ukabila ni adui wa taifa changa, wananchi waliitikia kwa adabu, kisha wakawaonyesha kwa kidole kabila ambalo viongozi wenyewe walikuwa wazawa wake.

Hii ilikuwa kazi njema ya lugha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa Tanzania kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kupangisha nyumba. Hayo ni mambo yaliyomo katika vitabu vya benki na katika hati za viwanja, mahali ambapo mkulima hafiki. Neno Wabenzi lilitaja mali ile inayopita barabarani, ambayo hata asiyejua kusoma aliweza kuisoma. Lilimpa mtu wa chini chombo cha kukagulia.

Hata hivyo chombo hicho kilikuwa na kasoro, na aliyeiona mapema ni mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki dunia mwaka 2025. Katika hadithi yake mojawapo, iliyotoka katika mkusanyiko wa mwaka 1975, maskini mmoja anazikwa ndani ya jeneza lililochongwa mithili ya Mercedes, kwa sababu wanasiasa wanashindana kumpa mazishi ya fahari ili wapate kura. Maskini huyo amekuwa Mbenzi siku ya kufa kwake. Hapo msomaji hacheki tena. Atambua kwamba gari lile limekwisha kuingia hata ndani ya ndoto za wale wanaolidhihaki. Anayemcheka Mbenzi asubuhi huenda usiku akaomba awe yeye.

Katika riwaya yake ya Kigikuyu, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ya mwaka 1980, ambayo wasomaji wa Kiswahili waifahamu kwa jina la Shetani Msalabani, Ngũgĩ alikwenda mbali zaidi. Mle pangoni Ilmorog, wezi wanaposhindana kwa kujisifia wizi wao, kila mmoja anatakiwa ataje gari lake, na magari ya wake zake, na ya mahawara zake. Gari limekuwa shahada ya wizi. Lakini riwaya hiyohiyo ina gari jingine, nalo ni matatu kuukuu ya Mwaura, yenye namba MMM 333. Humo wamo watu wasiojuana. Wangari hana nauli, dereva anataka kumshusha usiku, na abiria wenzake wanamchangia. Humo ndimo watu wanaposimuliana maisha yao na kuanza kuelewana. Wala dereva mwenyewe si mwema: Mwaura aabudu fedha, na kadiri hadithi inavyoendelea twamjua kuwa mtu wa hatari. Basi wema wa gari lile hautoki kwa anayelishika usukani. Watoka kwa walioketi nyuma na kwa jinsi walivyolipiana.

Hilo ndilo neno Wabenzi lisiloweza kulisema. Lenyewe lamtazama mtu kupitia kioo cha mbele, likaona nyota, likatoa hukumu. Daktari aliyelipia gari lake kwa kazi ya miaka 20 na mtunza hazina aliyelipia lake kwa fedha za zahanati wamo katika kabila moja. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wabenzi ni neno la mlangoni.

Mwanamke aliyegeuzwa gari

Kama Wabenzi ni chombo kilichoingizwa katika ngeli ya watu, shangingi ni safari ya kinyume. Kabla ya kuwa gari, shangingi alikuwa mwanamke: mwanamke wa mjini aliyekubuhu katika anasa, mwenye madaha, mjuzi wa mambo ya dunia, na ghali kumtunza. Jina hilo Watanzania wakawapachika Toyota Land Cruiser na jamaa zake, yale magari makubwa ya mawaziri, ya makatibu wakuu na ya miradi ya wafadhili. Mwanafunzi makini ataona sarufi ikibadilika mbele ya macho yake. Akiwa mtu, shangingi amekuja. Akiwa gari, shangingi limekuja, mashangingi yamepanga foleni nje ya ukumbi wa semina.

Kwa upande mmoja, tashbihi iliyofichwa humu ni kali, na yatupasa kuisifu. Shangingi hupendeza barabara za lami kuliko za vumbi, ijapokuwa liliundwa kwa ajili ya vumbi. Hula mafuta mengi. Hubadilishwa kabla halijachakaa. Na zaidi ya yote, hutunzwa kwa fedha za mtu asiyepanda humo. Hapo neno limegonga msumari wa kweli, kwa maana gari la serikali ni kitu cha ajabu: anayeliendesha si mwenyewe, anayepanda si mlipaji, na mlipaji, ambaye ni raia, hulikuta njiani akalipisha.

Lakini tumwulize mtunzi asiyejulikana wa neno hili: kwa nini ulimchukua mwanamke? Ofisa aliyeagiza gari ni mwanamume mara nyingi. Aliyetia sahihi hati ya ununuzi, aliyeipitisha bajeti na aliyepokea asilimia yake wapo, lakini jina halimtaji hata mmoja wao. Tusi limemwangukia mwanamke ambaye hakuwamo katika kikao. Na kutoka kwa gari, tusi lile hurejea tena kwa mwanamke. Mwanamume akishuka katika gari kubwa huamkiwa mheshimiwa, au bosi. Mwanamke akishuka katika gari hilohilo, swali la kwanza la mtaa ni nani amemnunulia. Kazi yake, biashara yake na mkopo wake wa benki havihesabiwi. Neno limekwisha kujibu kabla hajafungua mlango.

Msomaji asidhani kwamba tabia hii ni ya Waafrika peke yetu. Huko Marekani, mwishoni mwa mwaka 1983, kampuni ya Chrysler ilianza kuuza gari la familia la umbo jipya, lenye viti vya safu tatu na mlango wa kuteleza ubavuni. Lilikuwa gari la manufaa makubwa kwa wenye watoto. Baada ya miaka michache likawa gari la dhihaka, kwa sababu moja tu: lilihesabiwa kuwa gari la kina mama. Familia nyingi zikalikimbia, zikanunua magari marefu ya kupanda milima, mazito zaidi na ya kula mafuta zaidi, ili dereva asionekane mama wa nyumbani. Huko London nako, wenyeji hulibeza gari kubwa la kupelekea watoto shule kwa kuliita trekta la Chelsea, yaani chombo cha shamba kilichopotea katika mtaa wa matajiri. Na katika mzaha huo anayechorwa nyuma ya usukani kwa kawaida ni mama. Lugha ni mbalimbali, lakini pigo laanguka mahali palepale.

Si kwamba hakuna la kulaumu. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayochunguza usalama barabarani kwa niaba ya makampuni ya bima ilitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba gari lenye boneti iliyoinuka zaidi ya sentimita 100 hivi, likimgonga mtu anayekwenda kwa miguu, lina uwezekano wa kumwua mkubwa zaidi kwa asilimia 45 hivi kuliko gari lenye boneti fupi na ya mteremko. Katika miji yetu, ambamo watu wengi hutembea kwa miguu au hupanda bodaboda, hilo si jambo dogo. Lakini boneti haijui kama dereva ni mama au waziri. Madhara ya gari hupimika kwa sentimita na kwa kilo, na dhihaka haina mizani.

Tofauti hiyo ilionekana waziwazi mjini Paris. Tarehe 4 Februari 2024 wakazi wa mji huo waliulizwa kwa kura kama tozo ya maegesho ya magari mazito ya wageni ipandishwe mara tatu, ifikie euro 18 kwa saa katikati ya mji. Asilimia 54 na ushei walikubali, ingawa waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata asilimia 6 ya walioandikishwa. Tozo yenyewe ilianza Oktoba mwaka huohuo. Gari la mafuta lenye tani 1.6 au zaidi hulipishwa. Lisilofikia uzito huo huachwa. Mtu aweza kuipinga sheria hiyo, na wengi waliipinga, hasa wenye familia kubwa wanaotoka nje ya mji. Lakini wapinzani na watetezi walibishana juu ya uzito, nafasi na bei, yaani juu ya mambo yanayojibika. Hakuna ajuaye jinsi ya kumjibu anayekuita trekta.

Kicheko na hesabu

Jambo hili la kujibika ndilo lililotusukuma kuandika. Kwa miaka mingi Afrika ya Mashariki iliyacheka magari makubwa ya wakubwa, na kicheko hicho hakikupunguza hata moja. Yalipopunguzwa, yalipunguzwa na hesabu.

Nchini Kenya, mapema mwaka 2006, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na tawi la nchi hiyo la Transparency International walichapisha taarifa juu ya magari ya anasa yaliyonunuliwa na serikali baina ya Januari 2003 na Septemba 2004. Jumla ilikuwa shilingi za Kenya milioni 878. Taarifa haikumwita mtu yeyote Mbenzi. Ilitaja wizara, aina za magari na bei. Miaka mitatu baadaye, katika bajeti ya Juni 2009, Waziri wa Fedha Uhuru Kenyatta aliwaamuru mawaziri warejeshe magari yao makubwa, wapewe mengine yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1800, na magari madogo ya Volkswagen yakanunuliwa kwa ajili hiyo. Baadhi yao waliyapokea shingo upande. Nchini Rwanda, mwaka 2005, serikali iliyakusanya magari ya umma yaliyokuwa mikononi mwa maofisa, ikayauza kwa mnada, na badala yake ikaweka utaratibu wa kuwakopesha maofisa wanunue magari yao wenyewe. Tangu hapo ofisa wa Kigali aliyependa gari kubwa alilazimika kuuliza kwanza mfuko wake.

Hapa kwetu, mwaka 2021, kila mbunge wa Bunge la kumi na moja alipewa shilingi za Uganda milioni 200 za kununulia gari. Wabunge walikuwa 529. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kuzidisha mwenyewe akapata zaidi ya bilioni 105. Nchi ilikuwa katika taabu ya maradhi ya korona, na manung'uniko yalikuwa makubwa. Hoja ya utetezi ilikuwa ileile iliyozoeleka: barabara za majimboni ni mbovu, na gari la mbunge ndilo hubeba wagonjwa na maiti wa kijiji kizima. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Mbunge wa jimbo la mbali huamshwa usiku kwa ajili ya mama mjamzito. Ukubwa ni jaa, na kila taka hutupwa kwake. Lakini aliyeikubali hoja hiyo amekubali pia kwamba jimbo halina gari la wagonjwa, na kwamba fedha iliyoweza kununua gari la wagonjwa imenunua la mbunge, ili mbunge alifanye la wagonjwa apendapo. Hayo ndiyo mazungumzo ambayo raia alistahili kuyafanya na mwakilishi wake. Neno shangingi halianzishi mazungumzo hayo. Huyamaliza kwa kicheko, kila mtu akaenda zake, na gari likaenda zake pia.

Sentensi isiyo na mtu

Tumelifikia neno la tatu, na hapa kicheko chakoma. Katika miezi ya uchaguzi wa Januari 2021, kabla yake na baada yake, watu wengi, hasa wafuasi wa upinzani, walikamatwa na kuchukuliwa katika magari ya aina ya Toyota HiAce yenye vioo vya giza, mengi yakiwa hayana namba. HiAce ni gari tulijualo kama viganja vyetu. Ndilo kamunye linalotupeleka sokoni na kazini, lililopewa jina la mwewe kwa jinsi linavyonyakua abiria. Na ndilo hubeba jamaa kwenda arusini. Sasa likapewa jina la droni, jina la chombo kirukacho bila ya rubani.

Hofu hiyo haikuwa ngeni. Wale waliopitia utawala wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, wayakumbuka magari yenye namba zilizoanza kwa herufi UVS, ambayo yalikuwa ya maofisa wa upelelezi walioitwa State Research Bureau. Mtu aliyetiwa katika buti la gari kama hilo hakutarajiwa kurudi. Kwa hiyo gari jipya liliingia katika kumbukumbu ya zamani, kama mguu uingiavyo katika kiatu kilichokwisha kuzoeleka.

Katika insha za wanafunzi wetu tumeisoma mara nyingi sentensi hii: droni ilimchukua. Tuichambue kama sentensi nyingine yoyote. Kiima ni droni, ngeli ya I-/ZI-. Kitendo ni kuchukua. Shamirisho ni yeye, aliyechukuliwa. Sentensi ni sahihi; hakuna mwalimu atakayeipiga mstari mwekundu. Nayo ni sentensi ya kutisha kuliko zote tulizozitaja, kwa sababu mle ndani hakuna mtu aliyefanya neno. Hakuna aliyetoa amri, hakuna aliyeendesha, hakuna aliyemshika mtu mkono akamsukuma. Gari limejiendesha. Neno lililobuniwa na wanaoogopa, ili waweze kusema bila ya kutaja, limewafaa wanaoogopwa. Hakuna mahakama duniani iwezayo kuiita droni isimame kizimbani.

Mwezi Machi 2021 Waziri wa Mambo ya Ndani aliwasilisha Bungeni orodha ya majina ya watu waliokuwa wakishikiliwa. Familia nyingi zilisema orodha ile ilikuwa pungufu. Pamoja na upungufu wake, ilikuwa maandishi ambayo ndani yake aliyechukuliwa alikuwa na jina lake. Ilibaki orodha ya pili, ya waliochukua. Hiyo lugha yetu haijaidai kwa sauti, kwa kuwa imekubali kusema droni.

Gari lisilo na jina la kusuta

Lipo gari kubwa jingine ambalo mitaa yetu haikulitukana. Huko Kenya na Tanzania ni Noah. Hapa kwetu ni Super Custom na wenzake. Ni magari ya Kijapani, aghalabu yamekwisha kutumika huko kabla ya kushushwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Si madogo. Injini yake si dhaifu, na bei yake yamshinda mwalimu wa kawaida asipokopa. Kwa nini halikupata jina la dhihaka? Kwa maoni yetu ni kwa sababu watu huona ndani. Siku ya kwanjula limejaa mashangazi waliovaa gomesi. Siku ya msiba limebeba waombolezaji na sufuria. Asubuhi lina watoto wa nyumba tatu, na mmoja wao si wa mwenye gari. Mtaa hauulizi nani amelinunua, maana kila mtu amekwisha kupanda.

Hapa hukumu ya watu ni ya haki kuliko katika yale maneno matatu, kwa kuwa imelipima gari kwa mzigo wake. Lakini hata sifa hufumba macho. Kwa kuwa gari la familia ni jema, twanyamaza linapobeba watoto 15 katika viti vya 8, hakuna aliyefungwa mkanda, mdogo kabisa akiwa amesimama baina ya viti vya mbele. Ofisa wa shangingi tungempigia kelele kwa kosa dogo kuliko hilo. Mzazi mwenzetu twampungia mkono. Yaani lugha iliyokosa jina la kulaumu imetunyima pia nafasi ya kuonya.

Neno la mwalimu

Kwa kuyajumlisha yote, twaona kwamba Kiswahili kimekuwa hodari wa kuyacheka magari makubwa, na dhaifu wa kuyahesabu. Wabenzi lilifichua fahari ya watawala, likawachanganya mwizi na mchapakazi. Shangingi lilifichua matumizi mabaya ya fedha za umma, likamlipisha mwanamke faini ya watu wengine. Droni lilitamka hofu iliyokuwa haitamkiki, likamficha mtendaji. Katika kila neno kuna ukweli, na katika kila neno mwenye kosa amepata mlango wa nyuma wa kutokea.

Hatupendekezi maneno haya yafutwe. Mwalimu hana mamlaka ya kufuta neno lililozaliwa na watu, na akijaribu atachekwa yeye. Twapendekeza yafundishwe pamoja na maswali yake. Mwanafunzi akiandika Wabenzi, aulizwe: hawa walilipa kwa fedha ya nani? Akiandika shangingi, aulizwe: aliyetia sahihi ni nani, na kwa nini jina ulilotumia ni la mwanamke? Akiandika droni ilimchukua, arudishiwe daftari lake kwa upole, aambiwe ajaribu kuanza sentensi kwa mtu. Huenda hatajua jina la mtu huyo. Basi na aandike: watu fulani walimchukua, kwa amri ya mtu fulani. Sentensi hiyo ina pengo ndani yake, na pengo hilo hudai kujazwa.

Zoezi hili ni la dakika kumi katika kipindi cha sarufi. Halihitaji kitabu kipya wala fedha ya wizara, nalo lawezekana katika shule yenye ubao na chaki tu. Kijana aliyezoea kutafuta kiima cha kweli katika sentensi ndogo ya daftarini atakuwa siku moja mpiga kura, mkaguzi, mwandishi wa habari, pengine mbunge aliyeketi katika gari kubwa. Twataka, siku hiyo, ajue kwamba barabarani wamo watu wanaoweza kumwuliza swali lililonyooka, na kwamba swali hilo lina jibu.